Sikio la Mpakani Mbele ya Wasaili wa Muziki

Nadharia ya muziki ni taaluma inayochunguza jinsi sauti zinavyopangwa hata zikawa muziki: umbali kati ya sauti moja na nyingine, mpangilio wa skeli, jinsi sauti kadhaa zinavyoungana na kuwa akodi, mwendo wa mapigo, na umbo la utungo mzima tangu kishazi cha kwanza hadi cha mwisho. Kwa kuwa taaluma hii huonekana kushughulika na fikra zaidi ya vidole, wazazi na wanafunzi wengi hudhani kwamba mlango wake hufunguliwa kwa alama za mtihani peke yake, kama ulivyo mlango wa historia au wa uchumi. Sivyo. Mara nyingi mahali ambapo shahada hii hutolewa, iwe kwa jina lake lenyewe au ndani ya shahada pana ya muziki, mwombaji hutakiwa kusimama mbele ya jopo, aimbe au apige ala, asikilize na kujibu, asome noti ambazo hajawahi kuziona, kisha aeleze kwa maneno yake kile alichokisikia. Jaribio hilo ndilo linaloitwa usaili wa muziki, na wengi hushindwa humo si kwa kukosa kipaji, bali kwa kutojua linapima nini.

Kijana anayelengwa hapa ni yule wa mpakani mwa Kenya na Uganda, wa Busibwabo katika eneo la Matayos, wa Busia mjini, wa Alupe, wa Kolanya au wa Malaba, ambaye ameimba katika kwaya tangu utotoni, anajua kuishika sauti ya tatu bila kusaidiwa na kinanda, na ameambiwa mara nyingi kwamba muziki ni kipawa tu wala si somo. Kijana huyo hufika mbele ya wasaili akiwa na sehemu kubwa ya nadharia kichwani mwake, ila ameipokea kwa njia ambayo majopo mengi hayakuzoea kuiuliza. Upungufu wake upo, na si mdogo, lakini ni wa aina inayojulikana na inayoweza kuzibwa, ikiwa ataanza mapema na ikiwa idara za muziki zitampima kwa haki.

Katika vyuo vikuu vya Kenya, nadharia kwa kawaida haisimami peke yake kama shahada ya kwanza, bali husomwa ndani ya shahada ya muziki au ya ualimu wa muziki, na mwanafunzi huegemea upande wa nadharia na utunzi kadiri miaka inavyosonga. Ndivyo ilivyo katika Idara ya Muziki na Dansi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ndivyo ilivyo Kabarak karibu na Nakuru, na muziki hufundishwa pia Maseno, chuo kilichoko kando ya barabara ileile itokayo Kisumu kwenda Busia. Ng'ambo ya mpaka, Makerere ilianzisha idara ya muziki, dansi na drama mwaka 1971, na nchini Tanzania Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, hutoa shahada ya muziki. Marekani zipo shule, kama vile Eastman iliyoko Rochester, zenye shahada ya kwanza inayoitwa kwa jina la nadharia hasa. Na hata huko anayeomba kusoma nadharia hatarajiwi kuja na kalamu tupu, kwa kuwa wasaili hutaka kusikia ala yake kuu, na mara nyingi huomba pia mkusanyo wa kazi alizotunga au insha inayochambua utungo fulani.

Kwa nini mtu anayetaka kuchambua muziki alazimishwe kwanza kuupiga? Sababu ni kwamba nadharia isiyosikika ni hesabu tupu. Anayesema kwamba akodi ya tano inataka kurejea kwenye akodi ya kwanza anazungumzia mvuto unaohisiwa sikioni, na asiyewahi kuuhisi mvuto huo akiwa ndani ya wimbo anaourudisha nyumbani yeye mwenyewe hana njia ya kujua kama kanuni aliyoikariri ni ya kweli. Kwa hiyo utendaji katika usaili wa nadharia haupimwi kama unavyopimwa usaili wa mpiga fidla anayetafuta nafasi katika okestra. Jopo halitafuti wepesi wa vidole kwanza. Husikiliza kama mwombaji anajua kishazi kinaishia wapi, kama anatambua mahali utungo unapohama ufunguo, na kama anatofautisha sauti iliyo msingi na sauti iliyo pambo. Mwombaji anayepiga kipande rahisi kwa uelewa hupendeza zaidi ya yule anayehangaika na kipande kigumu alichokichagua ili kuwatisha wasikilizaji.

Baada ya utendaji huja majaribio ya sikio, na hapa ndipo uzito wa usaili wa nadharia ulipo. Msaili hupiga sauti mbili kwenye kinanda na kumtaka mwombaji aseme umbali wake. Hupiga akodi na kuuliza kama ni ya meja, inayosikika angavu, au ya maina, inayosikika kama iliyofunikwa na kivuli. Hupiga kishazi na kuuliza kama kimekomea mahali pa kupumzika au mahali panapodai jibu, mkomeo ambao wanamuziki huuita kadensi. Kisha huja imla ya muziki, yaani melodia fupi inayopigwa mara kadhaa ili mwombaji aiandike, na baada ya hapo kusoma papo kwa papo, yaani kuimba mstari ulioandikwa bila kuufanyia mazoezi. Karatasi ya maandishi hufuata, yenye skeli, alama za ufunguo, majina ya akodi na zoezi la kupanga melodia kwa sauti nne: soprano, alto, tena na besi.

Mwanafunzi aliyesoma muziki katika shule ya upili ya Kenya ataitambua orodha hiyo mara moja, kwa sababu mtihani wa KCSE wa somo hilo, lenye nambari 511, umegawanywa vivyo hivyo: karatasi ya kwanza ni ya utendaji, ya pili ni ya usikivu, na ya tatu ni ya stadi za msingi, historia na uchambuzi. Aliyefaulu karatasi hizo tatu amekwisha kufanya usaili mara moja. Tatizo ni kwamba shule zinazofundisha somo hilo ni chache, na wengi wa waimbaji hodari wa Kaunti ya Busia hawakupata darasa la muziki hata siku moja. Walichopata ni kwaya, na kwaya iliwapa tonika solfa.

Inafaa jambo hili litazamwe kwa makini, kwa maana tonika solfa hudharauliwa na watu wasioijua. Mfumo huu ulianza nchini Uingereza katika karne ya 19 kwa kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ukaendelezwa na mchungaji John Curwen, aliyeishi kati ya mwaka 1816 na 1880, ili watu wa kawaida waweze kuimba kwa kusoma bila gharama ya ala. Wamisionari wakauleta Afrika pamoja na vitabu vya nyimbo, ukaota mizizi kuliko mahali ulikozaliwa. Herufi saba, d, r, m, f, s, l na t, husimamia ngazi saba za skeli. Nukta mbili hutenganisha pigo na pigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, kistari huendeleza sauti, na mistari ya wima hutenga baa. Juu ya ukurasa huandikwa kwamba do ni G au do ni F, na kwaya nzima huhamia hapo. Mwalimu wa kwaya wa kigango cha mashambani anaweza kuandika wimbo mzima wa sauti nne ubaoni kwa chaki, na waimbaji wasiowahi kuugusa mstari hata mmoja wa staffu, yaani mistari ya kuandikia noti, wakauimba jioni hiyohiyo.

Sasa, mwimbaji wa solfa anajua nini hasa? Anajua kwamba t huvutwa na d, kwamba s ni nguzo ya pili ya skeli, kwamba f ikipandishwa ikawa fe kuna ufunguo mwingine unaobisha hodi. Anaijua kila sauti kwa kazi yake ndani ya ufunguo, si kwa jina lake la kudumu kwenye kinanda. Ujuzi huo ndio moyo wa nadharia ya toni: katika vyuo vikuu vingi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuzipa sauti nambari za ngazi, kuanzia ya kwanza hadi ya saba, ili aache kuziona kama madoa kwenye mistari na aanze kuzisikia kama wahusika wenye uhusiano. Kijana wa kwaya ya Busia amekuwa na uhusiano huo kinywani mwake tangu akiwa na miaka kumi. Mpiga piano aliyekulia kwenye staffu peke yake anaweza kuwa na vyeti kadhaa na bado asiweze kuimba ngazi ya sita bila kubonyeza kibonyezo.

Hata hivyo, solfa ina mipaka. Haionyeshi kwa jicho jinsi sauti zinavyopanda na kushuka. Huwa nzito pale muziki unapohama ufunguo mara kwa mara. Nayo haimwandai msomaji kwa muziki wa ala, ambako mistari mitano ya staffu na alama ya klefu inayoonyesha mahali pa sauti ndiyo lugha ya kila siku. Kwa sababu hiyo hakuna mwombaji anayeweza kuikwepa staffu, na anayemshauri vinginevyo anamdanganya. Jambo la kumtia moyo ni kwamba anayejua solfa vizuri hajifunzi muziki upya anapojifunza staffu. Anajifunza hati mpya ya lugha anayoisema tayari. Akishajua do iko kwenye mstari au nafasi gani, ngazi nyingine hufuata, na miezi michache ya kunakili nyimbo za kwaya yake kutoka solfa kwenda kwenye staffu kila jioni humfaa kuliko kitabu cha kanuni kisichosikika.

Mpaka wenyewe una zoezi la usikivu ambalo miji mingine haina. Nyimbo mbili za mataifa hufahamika hapa, na zinatofautiana kwa jambo ambalo wasaili hupenda kuliuliza. Wimbo wa Uganda, uliotungwa na George Wilberforce Kakoma na kutumika tangu uhuru mwaka 1962, uko katika skeli ya meja: makao yake ni do, na akodi zake hutembea kama za nyimbo za kanisani. Wimbo wa Kenya ulipatikana kwa njia tofauti. Kamati ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua bembelezi la Wapokomo, yaani wimbo wa kumlaza mtoto, ikalipa maneno mapya na mpangilio wa sauti kwa ajili ya uhuru wa Desemba 1963. Melodia hiyo iko katika maina, makao yake ni la, na ni moja kati ya nyimbo chache za mataifa ya Afrika zenye rangi hiyo. Aliyekulia Busia au Malaba akiulizwa tofauti kati ya meja na maina hana haja ya kukariri maelezo. Azikumbuke nyimbo mbili alizozisikia tangu shule ya msingi, kisha aseme kwa nini moja inapumzika kwenye do na nyingine kwenye la. Pia kazi ya kamati ile inastahili kukumbukwa kwa jina lake halisi. Kuchukua wimbo wa kubembeleza, kuupima, kuamua akodi zipi zinaupokea bila kuuvunja, na kuupanga ili uimbwe na umati ni kazi ya nadharia ya muziki, na ndiyo iliyoipa Kenya wimbo wake.

Lakini sikio la mpakani halikulelewa na kwaya peke yake, na hapa usaili unaweza kumgeukia kijana akaonekana hajui ilhali anajua kitu kingine. Wateso wa pande zote mbili za mpaka wana akogo, ala ya vibamba vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ambayo hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali na kupigwa kwa pamoja. Wateso wa Kenya wana pia adeudeu, kinubi cha upinde chenye nyuzi. Wabukusu wa Bungoma wana litungu, Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi 8, na Waisukha na Waidakho wa Kakamega wana isukuti, ngoma tatu za ukubwa tofauti zinazopigwa pamoja, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Upande wa magharibi, baada ya kuvuka Tororo na kuingia Busoga, huanza nchi ya marimba ya embaire, na mbele yake Buganda yenye marimba ya amadinda.

Mtaalamu Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, alipima ala za Buganda na kuonyesha kwamba sauti tano za oktavu, yaani nafasi kutoka do hadi do inayofuata, hupangwa kwa umbali unaokaribiana. Wanamuziki hupima umbali kwa senti, kipimo ambacho oktavu moja ina senti 1,200 na hatua ndogo kabisa ya kinanda ina senti 100. Oktavu ikigawanywa mara tano sawasawa, kila hatua huwa na senti 240, nafasi iliyo kubwa kuliko hatua mbili za kinanda na ndogo kuliko tatu. Hakuna kibonyezo cha sauti hiyo kwenye piano. Mtoto aliyekua akisikia upangaji wa namna hiyo akiwekewa akodi ya kinanda na kuambiwa ataje kama ni ya meja au ya maina, anaulizwa swali la nyumba ya mwingine. Anapaswa kujifunza kulijibu, naam, lakini msaili mwenye elimu anapaswa pia kujua kwamba kusita kwake si uziwi.

Katika mdundo hali hugeuka kabisa. Mfumo wa mapigo matatu yanayokwenda juu ya mawili kwa wakati mmoja, ambao wanafunzi wa Ulaya huuzoea kwa shida kwa kugonga meza, ni wa kila siku katika ngoma za magharibi ya Kenya, na katika amadinda wapigaji wawili huingiliana kwa kasi hata msikilizaji akasikia melodia ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyefundishwa na mpigaji Evaristo Muyinda wa Buganda, aliandika kuhusu muundo wa marimba hiyo mwaka 1960, na tangu hapo jambo hilo limekuwa somo katika vyuo vikuu vya dunia. Mwombaji anayeweza kupiga mkono mmoja kwa tatu na mwingine kwa mbili huku akiimba, kisha akaeleza mahali mapigo hayo yanapokutana, ametoa ushahidi wa nadharia ambao haupaswi kuachwa nje ya alama.

Mgongano mkali zaidi umo katika zoezi la sauti nne. Kanuni za hamonia ya Ulaya hukataza sauti mbili kwenda sambamba kwa umbali wa tano au wa nane, kwa kuwa mwendo huo huondoa uhuru wa kila sauti. Katika uimbaji mwingi wa Afrika Mashariki mwendo wa sambamba ndio uzuri wenyewe, na sababu yake imo ndani ya lugha: katika lugha za toni, zikiwemo lugha za Kiluhya, kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno, hivyo sauti ya pili ikienda kinyume na ya kwanza hupotosha maneno. Waimbaji hufuatana ili neno libaki neno. Mwombaji anayejua hivyo ataifuata kanuni ya karatasi bila kuidharau sauti ya kijiji chake, na akiulizwa ataeleza kwamba hizo ni kanuni mbili zenye sababu mbili. Jibu la namna hiyo, likitolewa kwa utulivu, huonyesha akili ya kinadharia kuliko skeli kumi zilizokaririwa.

Wapo Waafrika walioyachukua maswali haya hadi kilele cha taaluma. Kofi Agawu, mzaliwa wa Ghana, alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1982 na kufundisha kwa miaka mingi Princeton; ameandika kuhusu muziki wa Ulaya wa karne ya 18 kwa umahiri uleule alioutumia kuhoji jinsi muziki wa Afrika unavyoelezwa, na amedai kwamba hamonia ya kanisani ilifanya kazi ya kikoloni kwa kubana uwezekano wa masikio ya Waafrika. Dai hilo linawagusa waimbaji wa Busia moja kwa moja, na halina budi kupimwa, kwa sababu hamonia hiyohiyo ndiyo iliyowapa wengi mlango wa kuingia katika muziki ulioandikwa. Kutoka magharibi ya Kenya, Jean Ngoya Kidula, profesa katika Chuo Kikuu cha Georgia nchini Marekani, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2013 kuhusu nyimbo za dini za Walogooli, akachambua jinsi jamii moja ilivyozichukua nyimbo za kigeni na kuzifanya zake. Naye Justinian Tamusuza wa Uganda aliupeleka mdundo wa Kiganda kwenye ala nne za nyuzi, na kazi yake ikarekodiwa na kundi la Kronos Quartet katika albamu ya mwaka 1992. Mwombaji anayeingia katika usaili akiwa amesoma hata sura moja ya mmoja wao ana jambo la kuzungumza jopo linapouliza, kama linavyouliza karibu kila mara, kwa nini anataka kusoma nadharia.

Njia ya kufika kwenye usaili huo imejaa mashimo ambayo si ya muziki. Kenya iliwahi kulifanya somo la muziki kuwa sehemu ya mtihani wa shule ya msingi chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, baada ya tume ya muziki iliyoongozwa na Washington Omondi kutoa ripoti yake mwaka 1984. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 muziki ukaondolewa kwenye mtihani huo, na somo lisilotahiniwa halikukawia kuachwa na walimu. Hasara ya uamuzi huo haijafidiwa. Nafasi za vyuo vikuu vya umma hugawanywa na KUCCPS, huduma ya kuwapanga wanafunzi vyuoni, kwa kuzingatia alama za KCSE, na alama haziimbi: yupo anayepangiwa muziki bila kuupenda, na yupo anayeukosa kwa sababu shule yake haikuwa na somo hilo. Mfumo mpya wa elimu umefungua njia ya sanaa na michezo katika shule za sekondari ya juu, ambazo darasa lake la kwanza lilitarajiwa kuanza Januari 2026. Njia hiyo itakuwa na maana Busia pale tu shule zake zitakapopata walimu wa muziki na vyumba vyenye angalau kinanda kimoja kinachofanya kazi.

Wakati hayo yakisubiriwa, kijana wa mpakani ana vyanzo ambavyo havijatumiwa ipasavyo. Kanisa lenye kinanda huwa kimya siku nyingi za wiki, na padri au mchungaji anayeombwa kwa adabu ruhusa ya saa moja ya mazoezi mara nyingi huitoa. Jeshi la Wokovu, lenye shule zake Kolanya, lina desturi ya bendi za tarumbeta, na mpiga tarumbeta husoma staffu. Mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889, hufanywa nchini Kenya kwa viwango kuanzia cha kwanza hadi cha nane, na kanuni yake kwamba mwanafunzi apite nadharia ya kiwango cha tano kabla ya kufanya utendaji wa kiwango cha sita humpa anayejisomea shabaha iliyo wazi hata kama hatalipia mtihani wenyewe, kwa kuwa ujuzi wa kiwango hicho cha tano ni msingi mzuri kwa anayejiandaa kwa karatasi ya usaili. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huwapa wanafunzi nafasi ya kusikia maoni ya waamuzi. Maoni hayo yaandikwe, yasisahauliwe ndani ya basi la kurudi nyumbani.

Kwa wanaoomba nje ya nchi, majopo mengi siku hizi hupokea video badala ya safari, na simu ya kawaida inatosha ikiwa imewekwa mahali palipotulia, mbali na malori ya barabara ya mpakani. Rekodi isikatwe wala kuunganishwa, mikono na uso vionekane, na vipande viwe viwili vya tabia tofauti, kimoja cha taratibu na kimoja cha kasi. Mwenye adeudeu au litungu asiache kuipiga kwa hofu kwamba haimo kwenye orodha. Aandikie idara kwanza, aulize kama inakubaliwa, na aambatanishe maelezo mafupi ya upangaji wa nyuzi zake. Maelezo hayo ni nadharia.

Wajibu uliobaki ni wa idara za muziki zenyewe. Zichapishe mapema mfano wa karatasi ya usaili, ili mwombaji wa Busibwabo ajue anachotarajiwa kujua kabla ya kukopa nauli ya Nairobi. Zikubali imla iandikwe kwa solfa katika usaili, kisha zidai staffu kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza. Ziweke swali moja la mdundo wa Afrika ambalo jibu lake hupigwa kwa mikono, na zilipe alama sawa na swali la kadensi. Na Maseno, kilicho karibu zaidi na mpaka huu kati ya vyuo vilivyotajwa, kingefanya jambo la maana kwa kuwaleta wasaili Busia kwa siku mbili kila mwaka, katika ukumbi wowote wenye kinanda kilichopangwa sauti vizuri, na kutangaza tarehe hizo makanisani na shuleni, kuanzia Port Victoria hadi Malaba, kabla ya darasa la mwisho la 8-4-4 kufanya KCSE mwaka 2027.